Mtoto Akitaka Kusomea Mipango ya Miji

Ndugu msomaji, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, nyumba zetu nyingi hugeuka mabaraza. Baba ana lake, mama ana lake, na shangazi aliyefika jana kwa basi naye ana lake. Huyu husema mtoto akasomee ualimu, yule husema udaktari, mwingine hushikilia uhasibu au sheria. Ni nadra sana kumsikia mzazi akisema, "Mwanangu, nenda ukasomee kupanga miji." Wengi wetu hatujui hata kama jambo hilo husomewa. Sisi wafanyakazi wa mjini neno "mpangaji" tunalijua kwa maana moja tu: yule anayetafuta kodi ya chumba mwisho wa mwezi.

Lakini yupo mpangaji wa aina nyingine. Ndiye anayeamua, kabla ya tofali la kwanza kuwekwa, barabara ipite wapi, shule ikae wapi, soko lifunguliwe wapi, maji ya mvua yaelekee wapi na maiti wazikwe wapi. Akikosekana, kila mtu hujiamulia, na matokeo yake tunayaishi. Gari la zimamoto hukwama mwanzoni mwa kichochoro huku nyumba ikiteketea, na mgonjwa hubebwa kwa machela ya mikono hadi barabarani. Leo nataka tuzungumze juu ya elimu ya mtu huyo: nini kinatakiwa ili kijana apokelewe chuoni, atasoma nini huko, na itaigharimu nini familia yake. Mfano nitautoa nyumbani kwetu, kwa sababu ndiko nilikoona kwa macho yangu jinsi somo hili linavyoweza kuingia hata katika nyumba ya mvuvi.

Kwetu ni Ngumbo, pwani ya Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Zamani tulikuwa chini ya Wilaya ya Mbinga. Tangu mwaka 2012 pwani hiyo ni Wilaya ya Nyasa, na makao makuu yake ni Mbamba Bay. Ni nchi ya muhogo, maembe na samaki. Asubuhi mchanga hung'aa kwa usipa walioanikwa, na jioni mitumbwi huingia ziwani na taa zake. Mtu aliyezaliwa huko, akiambiwa habari za mipango ya miji, ana haki ya kuuliza: mji uko wapi?

Jibu ni kwamba mji uko njiani, unakuja. Barabara ya kutoka Mbinga kuteremka hadi Mbamba Bay, kilomita 66 za milima na kona, sasa ina lami. Mwaka 2024 ulianza ujenzi wa bandari mpya ya Mbamba Bay, mwisho wa ule ushoroba unaoanzia Bahari ya Hindi kule Mtwara. Lami na bandari havitembei peke yake. Nyuma yake huja maghala, nyumba za wageni, vituo vya mafuta, na wanunuzi wa viwanja waliovaa viatu vya kung'aa. Wenyeji ambao jana ardhi yao ilikuwa shamba, leo huambiwa kuwa ni "ufukwe".

Mnunuzi wa namna hiyo alifika kwetu. Alilitaka shamba la marehemu baba yangu, lile lenye miembe, linaloanzia majini na kuishia kwenye njia ya kijiji. Alitaja fedha ambayo katika ukoo wetu haijapata kuhesabiwa juu ya mkeka mmoja. Siku zizo hizo mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa amepata matokeo yake ya kidato cha sita: Jiografia C, Uchumi D, Historia E. Akatangaza kwamba anataka kwenda Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, kusomea mipango ya miji na mikoa. Basi mambo mawili yakafungwa pamoja kama kuni: tuuze shamba ili binti asome, au binti aache ndoto hiyo akatafute kozi fupi iliyo karibu? Tukakaa siku tatu.

Kabla sijakueleza tulivyoamua, yafaa kwanza uyajue masharti yenyewe, maana nusu ya ubishi wetu ilitokana na kutoyajua.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili, na humo kila kozi ya kila chuo imeandikiwa masharti yake. Sharti la jumla kwa anayetoka kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili kwa kiwango ambacho vijana hukiita "prinsipo", yaani kuanzia E kwenda juu, na jumla ya pointi za masomo hayo mawili isipungue 4.0. A huhesabiwa pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hesabu ya mpwa wangu ilikuwa rahisi: Jiografia 3, Uchumi 2, jumla 5. Mlango wa kwanza ulikuwa wazi.

Lakini sharti la jumla si sharti lote. Kila kozi huchagua masomo inayoyatambua, na kwa mipango ya miji Jiografia, Uchumi, Hisabati na Fizikia ni masomo yenye uzito. Tena kozi nyingi za ardhi na ujenzi hurudi nyuma na kuangalia Hisabati ya kidato cha nne. Hapa ndipo vijana wengi hujikwaa, hasa waliosoma shule zetu za pembezoni ambako mwalimu wa Hisabati huja kama mvua ya kiangazi. Binti yetu alikuwa na D ya Hisabati, D aliyoipata kwa jasho, akisoma kwa taa ya chaji baada ya kusaidia kuanua samaki. Wakati ule hakuna aliyeisifu. Siku ile tulipokaa juu ya mkeka na mwongozo mkononi, D hiyo ilikuwa na thamani kama ng'ombe wa mahari.

Asiyepitia kidato cha sita naye hajafungiwa. Aliyefaulu kidato cha nne anaweza kuanzia ngazi ya cheti na stashahada katika fani za ardhi. Viko vyuo kama Chuo cha Ardhi Tabora na kile cha Morogoro. Akimaliza stashahada inayokubaliwa kwa wastani usiopungua 3.0, anaweza kuomba shahada. Njia hiyo ni ndefu zaidi, lakini humfikisha mtu akiwa tayari ameshika kazi kwa mikono yake. Na kwa kuwa masharti hubadilika, usiamini mwongozo wa mwaka juzi, wala maneno ya jirani ambaye mtoto wake alisoma zamani. Usome mwongozo wa mwaka uleule, mstari kwa mstari.

Sasa, chuo chenyewe ni kipi? Mzizi wake ni shule ndogo ya wapima ardhi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1956. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Ardhi, na mipango ya miji ikaanza kufundishwa hapo. Mwaka 1996 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikasimama chenyewe kama Chuo Kikuu Ardhi. Ulimwenguni elimu hii si ya jana: Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, kilianza kuifundisha mwaka 1909. Vyuo vingi vya Marekani vina shahada ya masomo ya miji, ambayo huchanganya historia, uchumi, siasa na elimu ya jamii ili kijana auelewe mji. Yetu humtaka mwanafunzi auelewe mji, kisha auchore. Huchukua miaka minne.

Katika miaka hiyo mwanafunzi husoma kuchora ramani kwa mkono na kwa kompyuta, misingi ya upimaji, takwimu, sheria za ardhi, uchumi wa ardhi, usafiri, maji na majitaka, makazi, mazingira, na elimu ya jamii. Jambo kubwa zaidi ni kile wanachokiita stadio. Wanafunzi hupewa eneo la kweli, huenda kulikagua, huhesabu nyumba, visima na vyoo, huwahoji wakazi, kisha hurudi kuchora mpango na kuutetea mbele ya walimu. Mpwa wangu alinisimulia kwamba katika mtaa mmoja mama mwenye kuuza vitumbua aliwauliza, "Wanangu, mmekuja kutupanga au kutubomolea?" Hawakuwa na jibu la haraka. Naamini swali hilo lingefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila darasa la fani hii.

Maana historia yetu inalo fundisho. Katika miaka ya 1960, mkoani kwetu Ruvuma, wakulima wa Litowa na vijiji vingine walijikusanya kwa hiari, wakalima pamoja na kuendesha shule yao, chini ya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, hadi chama hicho kilipovunjwa mwaka 1969. Kisha, kati ya mwaka 1973 na 1976, ikaja Operesheni Vijiji, na mamilioni ya wananchi wakahamishwa nchini kote. Nia ilikuwa kusogeza shule, zahanati na maji karibu na watu, na mahali pengi shule na zahanati zilijengwa. Lakini mahali pengine nyumba zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara, huku mashamba yakibaki mbali na maji yakiwa mbali zaidi. Mchoro ulinyooka, maisha yakapinda. Kwa hiyo sharti mojawapo la fani hii halimo katika mwongozo wowote: mpangaji awe na masikio.

Na tusidhani kwamba kutopanga ni nafuu. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu kiasi cha 273,000. Ile ya mwaka 2022 iliikuta na watu 5,383,728. Nchi nzima, mwaka 1967 Watanzania waliokaa mijini walikuwa kama sita tu katika kila mia. Mwaka 2022 walikaribia thelathini na watano. Jiji hilo liliandikiwa mipango mikuu mwaka 1949, 1968 na 1979, lakini watu walikwenda mbio kuliko makaratasi. Wewe unayekaa Dar es Salaam angalia Sinza, iliyopimwa viwanja katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia kabla nyumba hazijajengwa, kisha angalia Manzese isiyo mbali nayo, ambako watu walitangulia na barabara zikafuata kwa kubanana. Wakazi ni Watanzania walewale, wenye bidii ileile. Tofauti kubwa ni nani alitangulia, kamba ya mpimaji au tofali.

Nirudi kwenye mkeka wetu. Siku ya kwanza baba mkubwa, ambaye ni mtu wa heshima na ambaye neno lake ni zito, alisema: "Msichana aende kuchora barabara? Barabara si zimekwisha kuchorwa?" Watu wakacheka. Siku ya pili wengi walikwisha kuegemea upande wa kuuza, maana fedha ya mnunuzi ilikuwa tamu na mahitaji ya chuo yalikuwa machungu. Siku ya tatu asubuhi binti mwenyewe aliomba ruhusa ya wazee, akachukua kamba ya nyavu, akaipima kwa futi ya seremala hadi ikatimia mita 10, akamwita mdogo wake ashike ncha moja ukingoni mwa maji.

Wakaanza kuhesabu. Kutoka majini hadi njia ya kijiji ilikuwa kamba tisa, yaani mita 90. Kisha akawaeleza wazee jambo alilolisoma: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu zenye kuweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mnunuzi alikwisha kutuonyesha kwa mkono mahali atakapojenga, na palikuwa ndani ya kamba mbili za kwanza, pale ambapo hata mawimbi ya Nyasa ya mwezi wa sita hupaona. Kamba sita zikitolewa, zilibaki tatu. Na katika hizo tatu ndimo ilimo nyumba ya mama yangu na makaburi ya wazee wetu. Akaongeza kwamba, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haihamishwi kwa mtu wa nje bila halmashauri ya kijiji kuridhia, na kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu mbele ya sheria hiyo.

Palikuwa kimya. Tulikuwa tunataka kuuza kitu ambacho mnunuzi asingeweza kukitumia alivyotaka, na ambacho sisi tusingeweza kukirudisha. Mama yangu, aliyekuwa akipeta unga wa muhogo pembeni bila kusema neno kwa siku zote tatu, akauliza: "Huyu amepima bila kufundishwa. Akifundishwa, si atapima na la jirani?" Baba mkubwa akakohoa, akasema shamba halitauzwa.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba hapo ndipo mambo yalipokuwa mepesi. Kutouza kulikuwa na bei yake. Tuliomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Cheti cha kuzaliwa cha binti kilipatikana, lakini baba yake alikwisha kufariki na cheti cha kifo hakikuwa kimechukuliwa kamwe. Dada yangu alisafiri kwa gari na kwa miguu kukifuatilia hadi kikahakikiwa na RITA. Mkopo ulitoka, lakini haukufunika kila kitu. Pengo tuligawana. Mimi, mwenye stashahada yangu ya uandishi wa habari na mshahara unaolingana nayo, nilichukua nauli na vifaa vya kuchorea. Dada yangu huanika usipa na kuwapeleka Mbinga, na mwezi ambao ziwa limechafuka, simu yake huwa fupi. Binti sasa yuko mwaka wa pili. Macho yake ni mekundu kwa kukesha stadio, na bado miaka miwili.

Wala sitakudanganya juu ya kazi. Shahada si tiketi ya ajira. Nafasi za serikalini hushindaniwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, na mwenye kuhitimu hulazimika kufanya kazi chini ya wataalamu waliomtangulia kabla ya kusajiliwa na bodi ya wataalamu wa mipangomiji iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Lakini halmashauri zetu zinahitaji watu hawa, kampuni binafsi za kupanga na kupima zinawaajiri, na miji midogo inayochipua kila palipo na lami mpya haitangoji. Mkopo nao utarejeshwa: asilimia 15 ya mshahara kila mwezi hadi deni liishe. Mzazi na mtoto wayajue hayo kabla, si baada.

Kwa hiyo, iwapo nyumbani kwako yuko kijana mwenye kupenda ramani, anayeuliza kwa nini maji ya mtaani hutuama hapa na si pale, usimcheke. Kwanza, simamia Hisabati yake tangu kidato cha kwanza. C au D ya kidato cha nne yaweza kuamua njia yake miaka miwili baadaye. Pili, mhimize kuchagua mchepuo wenye Jiografia, na ikiwezekana Uchumi au Hisabati pamoja nayo. Tatu, tafuta vyeti vya kuzaliwa na vya vifo mapema, wakati hakuna haraka. Nne, soma mwongozo wa TCU pamoja naye, maana maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja na tarehe zikipita zimepita. Tano, kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya karo, pima kwanza shamba hilo, na uulize sheria inasema nini.

Miji ya kesho ya nchi hii leo ni vijiji vyenye miembe na mitumbwi. Ikipangwa na wageni peke yao, itapangwa kwa faida ya wageni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi tuliokwisha kujenga kuta nyingi mahali pasipostahili tunajua bei ya kuzibomoa. Tuwasomeshe watoto wetu wawahi kufika na kamba kabla ya matofali. Kazi ni kwako, mzazi, na muda wa maombi hauko mbali.